Muhula wa Sura ya Tano

Jumatatu, 4 Machi

Daktari wa goti kaniambia nianze kuandika. Kila siku linapouma niandike nilikuwa wapi, nilipanda ngazi mara ngapi na hali ya hewa ilikuwaje, ili tujue adui ni ubaridi au ni ghorofa ya tatu. Basi hili ndilo daftari lenyewe. Leo: ghorofa ya tatu mara nne, mvua tangu asubuhi, goti linauma. Muhula nao umeanza leo, kwa hiyo huenda si goti peke yake.

Chumba cha semina kinavuja pale pale pa mwaka jana. Mfagizi kaleta ndoo yake ya bluu bila kuambiwa na mtu, akaiweka chini ya dari, akaenda zake. Nafundisha sosholojia mwaka wa thelathini na moja huu, na naweza kusema kwa uhakika wa kitaalamu kwamba katika jengo hili ndoo ile ndiyo mtumishi pekee asiyelalamika.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Goti: afadhali.

Ijumaa, 8 Machi

Bi Swali kaleta tasnifu yake nzima. Jina hilo alipewa hapa idarani tangu mwaka wake wa kwanza wa uzamili, maana hakuna mhadhara uliokwisha bila mkono wake kuwa juu. Ni nesi wa kliniki ya wajawazito, mama wa watoto watatu, anakuja akitoka zamu na viatu vyake vyeupe. Mimi ndiye msimamizi wake. Akiipata shahada muhula huu, anakuwa mkuu wa kliniki. Asipoipata, nafasi inakwenda kwa mwingine na yeye ataendelea kupima watu shinikizo la damu mpaka azeeke.

Ameandika juu ya wanawake wanaofulia watu nguo kwenye mabomba ya umma nyuma ya soko. Wamehamishwa mara tatu katika miaka sita. Sura nne za kwanza ni nzuri, zimetulia, zina adabu. Sura ya tano ndiyo yenyewe. Ofisi ya mji ilijenga mabanda mapya ya kufulia na kutangaza kwamba nafasi zitagawiwa kwa kura. Wanawake kumi na mmoja wamemweleza, kila mmoja kwa wakati wake, jinsi jina lilivyoingia kwenye hiyo kura: uonekane mkutanoni, ukae viti vya mbele, upige makofi mjumbe wa mtaa akikuona. Aliyebaki nyumbani na mtoto mgonjwa, jina lake halikuingia kwenye kopo la kura.

Nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye kabati la mafaili. Nimesahau kukaa.

"Siasa imezidi, Mwalimu?" kaniuliza.

"Ni kweli uliyoyaandika?"

"Ni kweli."

"Basi ni sosholojia."

Nikajiona mjanja kwa muda wa kama nusu saa hivi.

Jumatano, 13 Machi

Kikao cha bodi ya idara. Mimi ni katibu wa bodi mwaka wa kumi na mbili, kwa sababu ile ile inayomfanya mtu awe wa kuosha vyombo: siku ya kwanza niliosha vizuri. Kila ajenda inafungwa kwa neno moja, Ilikubaliwa. Ratiba ya mitihani: Ilikubaliwa. Uhaba wa viti: Ilikubaliwa suala lifuatiliwe. Dari la chumba cha semina: Ilikubaliwa fundi aitwe. Huyo fundi tumekubaliana aitwe tangu mvua za mwaka juzi, na kama yupo basi ni kiziwi.

Watu wa nje hawajui uzito wa muhtasari. Humu ndani, kikao kinachofuata kikishauthibitisha, ndio ukweli wenyewe. Uliyosema kwa kupiga meza, kama hayakuandikwa, hukuyasema.

Mwenyekiti ni Mkuu wa Idara, aliyekuwa mwanafunzi wangu. Bado ananipokea mkoba tukikutana kwenye ngazi. Upande wa dirisha hukaa Takwimu, rika langu, tulisoma darasa moja. Anafundisha hesabu za utafiti, na mtu akitamka "nadharia" mbele yake hutazama saa. Mwisho wa meza yupo Msimamo, mhadhiri wetu kijana, ambaye ana fulana zenye maandishi na huwaambia wanafunzi kwamba kila utafiti ni siasa, hata wa kuhesabu miti. Wengine watatu huja kusaini mahudhurio.

Mkuu katangaza habari njema. Ofisi ya mji inataka idara yetu ifanye tathmini ya miradi yake yote, miaka minne mfululizo. Watu wamepiga makofi. Na mimi nimepiga. Nimeandika: Ilikubaliwa idara ishiriki kikamilifu.

Jumanne, 19 Machi

Leo mwaka wa tatu, mhadhara wa historia ya fani. Huwa nauita mhadhara wa makaburi. Nimewaeleza jinsi mambo yalivyokuwa sisi tulipokuwa wanafunzi: sosholojia ilikuwa siasa, na siasa ilikuwa sosholojia, hukuweza kuzitenganisha. Tulisomea uani, tulitoka darasani tukaenda viwandani, na tasnifu isiyosema nani anamnyonya nani haikuwa tasnifu. Kisha zikaja zama za ripoti. Tukajifunza kusema "wadau" na "viashiria". Aliyenyonywa akawa "mnufaika mlengwa". Siasa tukaiacha mlangoni kama viatu vyenye matope.

Binti mmoja wa mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, na sasa hivi?"

"Sasa hivi nini?"

"Sasa hivi tuko zama zipi?"

Nikamwambia hilo litakuwa swali la mtihani. Wote wakaandika haraka haraka. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, nikashukuru.

Kuna jambo huwa siwaambii katika mhadhara huo. Enzi zile kamati ya wanafunzi ilikuwa na sauti kwenye bodi. Takwimu alikuwa ameandika tasnifu ya kuhesabu: kaya ngapi zinalala bila kula, katika mitaa mingapi, siku gani za mwezi. Majedwali matupu. Tukasema haina msimamo, tukasema ni kazi ya karani. Bodi ikatusikiliza. Akarudia mwaka mzima, na mchumba wake akaolewa na mtu mwingine. Katibu wa kamati nilikuwa mimi. Hajawahi kunitajia hata siku moja, na sijawahi kumwomba radhi. Tumekunywa chai meza moja miaka yote hii.

Goti: linauma. Ngazi mara tano.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua. Kusahihisha insha. "Jamii ni mkusanyiko wa watu." Sitini na mbili kati ya themanini.

Jumapili, 31 Machi

Naishi na dada yangu mkubwa, fundi cherehani mstaafu asiyestaafu. Leo kanikuta nimelala kochini na insha kifuani.

"Hiyo sosholojia yako," kasema, "miaka thelathini unachunguza jamii, na mke wa jirani kajifungua wiki ya pili hii hujaenda hata kumpa pole ya uchungu."

"Sikuwa na habari, dada."

"Ndiyo nasema."

Nimekwenda. Mtoto wa kiume, mzima, ana sauti ya mwenyekiti.

Jumatano, 10 Aprili

Kikao kibaya. Naandika nikiwa bado nimekasirika, kabla hasira haijapoa nikaanza kuwaelewa watu.

Ajenda ya tano, tasnifu zinazokwenda kwa mtahini wa nje. Tulipofika kwa Bi Swali, Mkuu kafunga faili mbele yake akalaza kiganja juu yake.

"Kazi nzuri," kasema. "Ila napendekeza sura ya tano iondolewe. Sura nne zinatosha kabisa kwa uzamili. Sura hii si utafiti, ni malalamiko."

"Malalamiko ya nani?" nikauliza.

"Mwalimu, unajua ninachosema."

"Sijui. Niambie niandike."

Akanitazama kwa upole, na upole wake ndio unaonichosha kuliko ukali wa wengine. Akasema ofisi ya mji itaweka saini mwezi wa sita. Akasema ule mradi ukianguka, idara hii itamezwa na kitivo cha biashara, na wasaidizi tisa wa kufundisha watarudi kwao. "Nyinyi, Mwalimu, mlifanya siasa wakati siasa ilikuwa kazi. Mlipandishwa vyeo kwa siasa. Sisi tukiifanya, idara inafungwa tukiwa ndani."

Hilo liliniuma kwa sababu si uongo.

Nikasema wanawake kumi na mmoja wamesema kitu kimoja, na kazi yetu ni kuwasikiliza. Mmoja wa wale watatu akasema kumi na mmoja ni wachache. Takwimu akasema inategemea kumi na mmoja kati ya wangapi, swali ambalo hakuna aliyelijibu. Nikamgeukia Msimamo, nikamngoja. Alikuwa anaipekua tasnifu kama anayetafuta mahali pa kutokea.

"Nadhani," akasema, "ni suala tata."

Wiki iliyopita tu nilimsikia kupitia ukuta akiwaambia wanafunzi kuwa kutochagua upande ni kuchagua upande! Haya.

Mabishano yakaendelea nusu saa. Kisha dari likaachia. Kipande cha ubao kizima kikaanguka, maji yakamwagika mezani juu ya mafaili, kila mtu akanyakua vyake akakimbilia mlangoni. Mkuu akawa anapiga kelele tuokoe vitabu vya mahudhurio. Kikao kikaishia hapo. Hakikufungwa, hakikuahirishwa, kilikatwa na maji.

Kwenye korido Msimamo kanisogelea. "Mwalimu, mimi niko na wewe. Kimawazo."

Kimawazo!

Ijumaa, 12 Aprili

Goti limevimba. Nimechapa muhtasari nikiwa na mguu juu ya kiti, ajenda kumi na moja, nimeutuma kwa wajumbe kabla ya saa sita. Mvua haijakatika tangu Jumatano. Nimelala mchana wote.

Jumatano, 17 Aprili

Mkuu kanipokea mkoba kwenye ngazi. "Ahsante kwa ukomavu wako, Mwalimu," kasema. Nikafikiri anazungumzia umri.

Alhamisi, 18 Aprili

Leo nimeelewa.

Nilikwenda kwa mhazili wa idara kutafuta nakala ya muhtasari, nimtajie fundi wa dari tarehe. Nikausoma wote. Na hapo, ajenda ya tano, kipengele cha tatu, nimeandika mimi, kwa vidole vyangu mwenyewe: "Mwenyekiti alipendekeza sura ya tano iondolewe. Wajumbe walijadili kwa kina. Ilikubaliwa."

Ilikubaliwa. Nani alikubali? Hakuna aliyekubali. Tulikuwa tunakimbia maji! Nilifika mwisho wa aya, mguu unanipwita, vidole vikaandika vilichozoea kuandika miaka kumi na miwili. Sikulifikiria hilo neno kama mtu asivyofikiria kufunga mlango akitoka.

Nikaenda ofisini kwa Mkuu. Nikamwambia nimekosea, nitatuma muhtasari mwingine leo leo.

"Haiwezekani, Mwalimu," kasema. "Muhtasari ukishatumwa unarekebishwa kikaoni tu. Atoke mtu apendekeze, mwingine aunge mkono. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Kikao ni tarehe nane Mei."

"Basi tarehe nane Mei."

Hakuwa anafurahi, nasema kweli. Alikuwa na uso wa mtu aliyeokota kitu barabarani na anangoja kuona kama mwenyewe atajitokeza. Nikamuuliza kama ni yeye alipanga. Akacheka kwa uchovu. "Ningewezaje kupanga uandike usichosikia?"

Nimekaa kwenye benchi la ukumbini saa nzima. Sijampigia Bi Swali. Nitampigia nimwambie nini, kwamba msimamizi wake alikuwa na usingizi? Nitaurekebisha kwanza muhtasari tarehe nane, halafu nitamweleza likiwa limeshakuwa hadithi ya kuchekesha. Ndivyo nilivyoamua, na najua ni woga.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimemweleza dada. Kaendelea kutia uzi kwenye sindano.

"Mpigie huyo mtoto wa watu."

"Nitampigia."

"Lini?"

"Nikishalisawazisha."

"Haya. Funika kombe mwanaharamu apite."

Mvua. Goti: baya.

Alhamisi, 25 Aprili

Bi Swali hakuja kwenye miadi. Atakuwa zamu.

Jumanne, 30 Aprili

Nimeanza kuwatazama watu upya, na sipendi ninachokiona, hasa nikifika kwangu. Huyu Mkuu nilikuwa namwita moyoni bendera fuata upepo. Lakini leo nimemkuta chumba cha semina, mikono ya shati imekunjwa, anakinga maji kwa ndoo mbili na wasaidizi wake, anawatania, na wale vijana wanamtazama kama baba. Wasaidizi tisa anawajua mpaka shule za watoto wao. Mimi nawajua wawili.

Na sisi tuliokuwa na siasa nyingi, tulimfanya nini Takwimu? Tulimnyima mwaka kwa sababu hakuwa na msimamo. Leo Bi Swali ananyimwa sura kwa sababu anao. Zama zimegeuka chini juu na mwandishi wa muhtasari ni yule yule.

Nilimpigia Bi Swali saa nne. Haikupokelewa. Nikapumua. Mungu anisamehe, nilipumua!

Jumatatu, 6 Mei

Mvua. Nimemwomba Msimamo aniunge mkono keshokutwa. Kasema atatafakari. Siwezi kuendelea kumsubiri mtu anayetafakari kwa kuchezea ndevu.

Jumatano, 8 Mei

Kikao kimehamishiwa maktaba kwa sababu chumba cha semina sasa ni bwawa. Ajenda ya kwanza, kuthibitisha muhtasari. Mkuu akauliza kama kawaida, bila kuinua macho: "Kuna marekebisho?"

Nikasimama. Hakuna haja ya kusimama, lakini nilisimama, goti likalia kama mlango.

"Ajenda ya tano, kipengele cha tatu. Neno 'Ilikubaliwa' lifutwe. Mjadala haukufikia mwisho. Nililiandika mimi kwa mazoea na ni uongo."

Nimekaa vikao zaidi ya mia na sijawahi kusikia katibu akijiita mwongo, kwa hiyo pengine wajumbe hawakujua sura gani ya kuvaa.

"Mwalimu alikuwa mgonjwa," Mkuu akasema taratibu, "tunamwelewa. Nani anaunga mkono marekebisho?"

Msimamo akachukua simu yake akaisoma kama barua ya msiba. Wale watatu wakatazama rafu za vitabu. Nikaanza kukaa.

"Naunga mkono," akasema Takwimu.

Mkuu akageuka. "Wewe?"

"Mimi. Si kwamba naipenda hiyo sura. Ina majedwali mawili, na moja halijumliki. Ila nilikuwepo. Hatukukubaliana. Tulilowa tu."

Mtu mmoja akacheka. Mkuu akazungusha kalamu, kisha akasema, "Irekebishwe," na tasnifu ikarudishwa kama ilivyokuwa, sura tano, iende kwa mtahini wa nje. Aliniangalia kama mtoto anayemwangalia mzazi aliyemwaibisha mbele za watu. Sijui huo mradi utakuwaje. Wale tisa watakuwaje, sijui pia.

Nje nikamfuata Takwimu. Nikamwambia ahsante. Nikamwambia na ile ya zamani, kwamba nilimkosea, kwamba nilikuwa mtoto, maneno yakatoka hovyo hovyo kama mtu anayemwaga mkoba.

Akaendelea kutembea. "Usinishukuru," akasema. "Yangu haikurekebishwa." Kisha akaniachia mwavuli wake, akaenda zake na mvua.

Alhamisi, 9 Mei

Nimekwenda kliniki mwenyewe. Nilikuwa na furaha, wacha niseme. Nilimnunulia hata keki kwa mwoka mikate wa pale kona.

Wanawake wajawazito wamejaa mabenchi mpaka ukumbini. Bi Swali alikuwa anapima shinikizo la damu, akaniona, akaomba mwenzake amshikie. Tukasimama kwenye ngazi za nyuma, palipoanikwa shuka. Nikamwambia: sura ya tano imerudi. Nimepigana, imerudi.

Akaitazama keki.

"Nimeshaitoa, Mwalimu."

"Umeitoa?"

"Mhazili alinitumia dondoo ya muhtasari, wiki ile ile. Nimeshajalidi sura nne. Nimewasilisha kitivoni moja kwa moja, Ijumaa iliyopita."

"Tutaomba tasnifu irudishwe, tuiongeze sura. Karatasi za sura ninazo, zina hata alama zangu za penseli."

"Karatasi unazo." Akavuta pumzi. "Lakini nilikwenda mabombani. Nilikwenda kwa kila mmoja wao nikamwambia maneno yake hayatatumika. Nikawaomba radhi. Na sauti zao nilizorekodi nimezifuta."

Nikakaa kwenye ngazi. Kanuni hiyo nafundisha mimi, wiki ya pili ya kila muhula, kwa chaki nyekundu: sauti isiyotumika ifutwe, maana ni amana ya mtu. Yeye ndiye mwanafunzi pekee niliyewahi kumwona akiifuata.

"Mbona hukuniuliza?" nikasema. "Wewe! Wewe unauliza kila kitu! Mbona hilo hukuniuliza?"

Hapo ndipo sauti yake ilipopasuka. "Ningemuuliza nani, Mwalimu? Ingekuwa kaandika Mkuu, ningekataa. Ningepanda ngazi zote zile nikagonga mlango. Lakini chini pale pana jina lako. Nikasema, kama yeye kakubali, basi mimi ndiye sielewi."

Simu yangu ya tarehe thelathini aliiona. Alikuwa mabombani saa ile, na mmoja wa wanawake alikuwa anamuuliza nani kaamua. Akamjibu: mwalimu wangu.

Nimelia pale ngazini na miaka yangu hamsini na minane, na nesi mmoja akaniletea maji akidhani nimefiwa. Bi Swali akanishika bega. Hakusema "si kitu", na nilishukuru hakusema. Alisema zamu yake inakwisha saa tisa, na kwamba Jumamosi wale wanawake huwa wapo wote.

Jumamosi, 11 Mei

Mvua imepumzika. Tumekwenda.

Mabomba ni manane, yanayotoa maji ni matatu. Wanawake wameinama kwenye mabeseni, povu mpaka viwikoni, wanapokezana maneno na vicheko bila kuinua vichwa. Bi Swali akanitambulisha: huyu ndiye Mwalimu. Vicheko vikapungua.

Nikawaambia. Niliwaambia wamesimama, mimi nimesimama, bila "wadau" na bila nadharia. Kwamba hakuna kikao kilichokubali maneno yao yaondolewe. Kwamba niliandika mimi uongo, kwa kuzoea, kwa sababu mguu uliniuma na nilitaka kwenda kulala. Kwamba sasa njia iko wazi tena, wakitaka, lakini ni juu yao.

Mmoja mwenye kanga kiunoni, aliyekuwa akikamua shuka na mwenzake, ndiye aliyesema. Wanamwita Shangazi. "Nyinyi mna mambo," akasema. "Mama yangu alifua hapa hapa. Kwanza walikuja wasomi wakamwambia aandamane. Akaandamana, wakarudi chuoni wakamwacha na virungu. Sisi wakatujia wa pili na karatasi za kuweka vema: unaridhika sana, unaridhika kiasi. Huyu nesi ndiye wa kwanza aliyekaa chini akafua huku anasikiliza. Tukampa ya moyoni. Halafu akaja kuturudishia kama mtu anayerudisha sufuria! Umejua tulivyojisikia?"

Nikasema najua. Akasema sijui. Nikasema kweli, sijui.

"Basi ngojeni hapo."

Wakaacha mabeseni, wakaenda wote kumi na mmoja nyuma ya ukuta. Sisi tukabaki na maji yanayotiririka. Bi Swali alifunga bomba moja lililokuwa linamwaga bure. Tulisikia sauti zao zikipanda, mmoja akifoka, mwingine akisema watoto, watoto, halafu kimya, halafu kufoka tena. Haikuwa dakika tano. Ilikaribia saa nzima, na hakuna aliyekimbia.

Shangazi akarudi mbele yao. "Tumekataa," akasema. "Wawili wetu wamepata nafasi bandani mwezi uliopita. Wengine tunangoja. Yakisomwa sasa, watajua ni sisi. Alipokuja huyu mara ya kwanza tulikuwa na ujasiri. Ujasiri nao una siku zake."

Bi Swali akainamisha kichwa. Sura ya tano imekufa, naye atapata shahada yake kwa sura nne, na mimi ndiye niliyeiua. Nilitaka kusema jambo la kuwashawishi. Nilikuwa nalo hata, lilikuwa ulimini. Nikalimeza.

"Una karatasi?" Shangazi akaniuliza.

Nikatoa daftari hili.

"Andika tulivyosema. Isije ikaandikwa tena huko kwenu kwamba tulikubali, au kwamba hatukuulizwa."

Nikaandika nikiwa nimeegemea bomba. Akasema nimsomee. Nikamsomea, kwa sauti, wote wakiwa wamenizunguka na mikono inachuruzika: "Leo, mabombani, wanawake kumi na mmoja wamekaa kikao na wamekataa."

"Siyo hivyo," akasema.

"Siyo?"

"Wawili walitaka yasomwe. Walitubishia mpaka mwisho. Hao umewaacha."

Nikawatazama wale wawili. Mmoja alikuwa bado ana hasira, ananikazia macho. Nikafuta, nikaanza upya, nikawaandika.